Siku ya Sita, Chupa ya Nne

Tarehe ishirini na nne Desemba, Olomouc.
Tramu imebeba watu wawili: dereva na mimi.
Mji mzima uko nyumbani na samaki wake,
karpu aliyenunuliwa hai, anayezunguka katika beseni la kuogea
mpaka jioni, kisu kikinolewa.
Mimi nimekuja kupima karoti.

Si karoti ya kung'ata. Hii haina mzizi wala jani,
haijagusa udongo tangu mama yangu akiwa shule ya msingi.
Ni seli tupu, rangi ya uji uliochujwa vibaya,
chupa kumi na mbili juu ya meza inayozunguka
mara mia na kumi kwa dakika, gizani,
nyuzi ishirini na tano, Krismasi na Pasaka.
Meza ikisimama zinazama, zinalaliana, zinakosa pumzi.
"Zinakula sukari," alisema Bi Drahomíra
siku aliponikabidhi funguo. "Kalenda hazili."

Kuikagua chupa bila kuifungua, iinamishe
mpaka seli ziteremke katika mkono wa kioo ubavuni.
Subiri dakika kumi. Soma kimo.
Ni njia ya adabu, na ina uongo wake:
seli iliyokunywa maji hujaa
kama aliyekua.

Kwa hiyo nafungua.
Mililita kumi, mashine izizungushe, nisome mashapo:
tatu na nusu. Juzi yalikuwa moja na robo.
Nachuja, pampu inavuta maji, karatasi inabaki na kitu kama ugali mdogo,
nakimbilia mizani kabla hewa haijaiba sehemu yake.
Tarakimu ya mwisho haitulii
mpaka nami nizuie pumzi.
Kisha tanuri, usiku kucha, na kesho yake
gramu nzima imekuwa punje ya vumbi.
Uzani mkavu hausemi uongo,
ila msemaji amekufa.

Zilizobaki nazihesabu moja moja chini ya hadubini,
baada ya asidi kuzitenganisha, maana hupenda kushikana.
Iliyokaa juu ya mstari wa kushoto ni yetu,
ya mstari wa kulia ni ya jirani.
Mia mbili na sita. Naanza upya. Mia mbili na tisa.

Chupa ya kwanza, sawa. Ya pili, ya tatu, sawa:
moja imekuwa mbili, mbili nne, nne nane,
na nukta zimepanda mstari ulionyooka.
Ya nne iko chini. Chini sana.
Si ukungu, nimenusa. Si bakteria, maji ni meupe.

Nageuza kurasa hadi tarehe kumi na nane.
Mwandiko wangu umelala upande.
Asubuhi ile hospitali ilipiga simu, habari za baba,
nami nikiwa na bomba mkononi
nilimimina mililita nne mahali pa kumi
nikaendelea, kwa sababu mikono huendelea.

Seli chache mno hazigawanyiki.
Chakula kipo, tele, kinazizunguka.
Zinachongoja ni kuonja wenzao majini,
kile kidogo kinachovuja kutoka kwa kila mmoja,
na chache huchukua siku nyingi kukivujisha cha kutosha.
Chupa ya nne haiumwi. Bado inakusanya ujirani.

Ningeweza kuipandisha nukta.
Penseli ilikuwa mkononi, na nani angejua.
Nimeiacha pale pale chini, pembeni nimeandika:
*kosa langu, 18/12. Isimwagwe.*

Kwa kaka yangu Zbyněk hakuna aliyekufa.
Watoto wamegoma: karpu ameshapewa jina, Oldřich,
na Anežka, miaka saba, humpima kila asubuhi
kwa vigae vya ukutani, tangu pua hadi mkia.
Vigae vinne na kidogo. Siku ya tano leo.
"Shangazi, hakui," ananilalamikia, nywele zinadondosha maji.

Nimevua koti, nimepiga magoti kando ya beseni.
Nikamuuliza kile kidogo ni kiasi gani.
Akaenda kutafuta rula.